UZI: Aliacha shule akasokota biri, leo ni jaji wa kuchaguliwa Texas. Je, na sisi tupigie kura majaji wetu?

Mzee wa Faili #1

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna habari ya jaji mmoja wa Texas imezunguka sana mitandaoni tangu 2023. Kila mara inakuja fupi na kila mara inaishia palepale: alikuwa maskini India, sasa ni jaji Marekani, kijana usikate tamaa. Walioiandika hivyo wameruka nyama wakatuachia mchuzi. Naomba niipakue yote, halafu kuna jambo nataka tubishane.

Anaitwa Surendran K. Pattel. Ni jaji wa Mahakama ya Wilaya namba 240, kaunti ya Fort Bend, kusini-magharibi mwa Houston. Sensa ya 2020 ilikuta kaunti hiyo ina watu 822,779, na imechanganyika kwelikweli: Wahindi, Wanigeria, Wachina, Wafilipino, Wamarekani Weusi, Walatino, Wazungu.

Alizaliwa Balal, wilaya ya Kasaragod, kaskazini kabisa mwa jimbo la Kerala. Wazazi walikuwa vibarua wa kutwa. Siku isiyo na kazi haina posho. Yeye na dada yake wakawa wanasokota biri ili nyumbani papatikane chochote. Kwa wasiozijua, biri ni ile sigara nyembamba ya Kihindi, tumbaku inafungwa ndani ya jani na kukazwa kwa uzi. Unalipwa kwa hesabu ya ulizosokota, basi mwenye vidole vizito atajiju.

Ukanda ule wa Kannur na Kasaragod ulikuwa na wasokotaji wengi, na walikuwa na desturi moja naipenda mno: walichanga wakamweka mwenzao mmoja pembeni awasomee magazeti kwa sauti, wao mikono ikiendelea na kazi. Ndiyo maana kule ungeweza kumkuta kibarua anakuchambulia siasa za dunia utafikiri mhadhiri.

Darasa la 10 alipomaliza, akaacha shule. Mwaka mzima biri tu. Kisha akarudi, akaingia chuo cha serikali karibu na kwao kusoma sayansi ya siasa, lakini kazi hakuiacha. Matokeo yake mahudhurio yakawa mabovu na walimu wakataka kumzuia kufanya mtihani. Akawaomba wampe nafasi moja, akifanya vibaya ataondoka mwenyewe. Matokeo yalipotoka alikuwa juu ya wenzake.

Akaenda kusoma sheria Calicut, mji mwingine wa Kerala, huku akifanya usafi hotelini apate ada. Shahada akaipata 1995. Akaanza uwakili Hosdurg, mahakama za huko huko wilayani kwao.

Nakuja na sehemu ya pili, chai ipo jikoni.

Nyangumi Mweupe #2

Nimeweka mkeka hapa. Shusha nondo mkuu.

Kijana wa Likoni #3

Patel si ndio wale wenye maduka huku kwetu? Ama ni mwingine?

Mzee wa Faili #4

@Kijana wa Likoni hapana. Akina Patel tuliowazoea Mombasa, Kampala na Dar asili yao Gujarat. Huyu ni Mmalayali wa Kerala, na jina lake lina t mbili. Gujarat na Kerala ni mbali kama Dar na Kampala na zaidi.

Sehemu ya pili, na hii ndiyo wengi wanaipita mbio.

Mkewe ni nesi. Kazi ya mkewe ndiyo iliyowapeleka Delhi, na kule Pattel akafanya uwakili hadi katika Mahakama ya Juu ya India. Mwaka 2007 kazi ya mkewe hiyohiyo ndiyo iliyowapeleka Houston, kwa sababu hospitali za Marekani zilikuwa zinatafuta manesi na Kerala ni moja ya machimbuko makubwa ya manesi duniani. Ukienda Ghuba, ukienda Uingereza, ukienda Marekani, wodini utawakuta.

Kwa hiyo mwaka ule aliyekuwa na ajira ni mama. Wakili wa Mahakama ya Juu ya India akaenda kufanya kazi kwenye duka la vyakula. Wanaume humu mnaojua hali hiyo mnajua inavyouma, hasa pale simu kutoka kijijini inapouliza, "Wakili, hujambo? Ofisi inaendeleaje huko?"

Lakini Texas ilikuwa na mlango. Majimbo mengi ya Marekani hayamruhusu wakili aliyesomea ng'ambo kugusa mtihani wao wa uwakili mpaka asome sheria upya. Texas ni kati ya machache yanayomtazama mtu aliyetoka nchi ya mapokeo ya sheria za Kiingereza na ambaye tayari ana leseni na uzoefu kwao. India inaingia humo. Pattel akakaa mtihani, akafaulu mara ya kwanza. Kazi ya maana bado haikuja, akajiunga na Chuo Kikuu cha Houston kwa shahada ya uzamili ya sheria, akamaliza 2011. Akafanya vibarua vya kisheria kwenye ofisi za watu, mwisho akafungua yake.

Uraia alipata 2017. Shikeni mwaka huo. 2020 akajaribu ujaji, akaangushwa. 2022 akarudi kwa kiti kingine, kwenye kura za maoni za chama cha Democratic akamwangusha jaji aliyekuwa kitini, Novemba akamshinda wa Republican, na tarehe 1 Januari 2023 akaapa. Miaka 5 tu tangu awe raia.

Mama Tunu #5

Hapo kwa nesi nimesimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Mimi ni nesi, nimezunguka wodi miaka mingi. Zile makala nyingine zote nilizosoma mke katajwa mstari mmoja, "alihamia Marekani na familia yake." Alihamia na familia yake wapi! Alihamishwa na mkewe.

Nyangumi Mweupe #6

😂😂 Mama Tunu kamaliza kila kitu.

Wakili Pembeni #7

Mzee wa Faili, uzi mzuri, ila mimi nipo kwenye fani na nina la kusema. Hapa unamsifu mtu, sawa, anastahili. Lakini mfumo uliomweka pale ni wa hatari. Jaji wa Texas anagombea kwa tiketi ya chama. Jina lake linakaa kwenye karatasi na alama ya chama pembeni, muhula miaka 4, kisha anarudi kuomba kura. Jaji gani huyo anayeamua kesi huku akihesabu kura? Jaji anatakiwa aweze kutoa hukumu inayomchukiza kila mtu mtaani na kesho yake alale usingizi.

Kwetu Tanzania jaji anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na anakaa mpaka umri wa kustaafu. Huo ndio ulinzi wenyewe.

Kijana wa Likoni #8

Wakili, hebu tulia. Uteuzi pia una siasa zake. Sisi Kenya Tume inafanya mahojiano ya majaji hadharani, tunayaona kwenye runinga, mtu anaulizwa mpaka deni lake la benki. Bado 2019 Tume ilipopeleka majina kwa Rais, yalikaa mezani karibu miaka 2. Juni 2021 Uhuru akaapisha 34 na kuwaacha 6. Hao 6 walingoja mpaka Ruto alipoingia Septemba 2022. Sasa niambie, jaji aliyeona wenzake wakiwekwa kando hivyo analala usingizi?

Wakili Pembeni #9

Hoja nzuri. Lakini dawa ya uteuzi mbovu ni kuufunga uteuzi kwa sheria, si kumpeleka jaji jukwaani akacheze ngoma na wagombea udiwani.

Mswahili wa Houston #10

Nimeona niingie maana mimi nakaa huku na nimepiga kura hizo. Niwaambie jinsi ilivyo.

Unafika kituoni, unakuta karatasi ndefu kama orodha ya michango ya harusi. Rais au gavana, sawa, unawajua. Seneta unamjua. Halafu majaji wanaanza: mahakama namba hii, namba ile, ya familia, ya jinai, ya mirathi, ya rufaa. Kwa sisi wa kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, ni makumi ya viti. Mimi najiona msomaji wa magazeti, na bado nikifika katikati sijui hata mmoja. Unafanyaje? Unatazama chama.

Ndiyo yaliyotokea Novemba 2018. Zamani Texas ulikuwa unaweza kubonyeza mara moja ukapigia chama chote. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwa uchaguzi mkuu wa Novemba wa namna hiyo, na wimbi la Democratic lilipopita Harris majaji wa Republican wakasombwa karibu wote, wazuri kwa wabaya, wengine wakiwa na uzoefu wa miaka mingi. Upande wa pili wa habari hiyohiyo: wanawake Weusi 19 walikuwa wamegombea viti vya mahakama Harris na 17 walishinda. Kaunti hii haikuwahi kuona benchi la sura ile.

Kwa hiyo wote wawili mko sawa. Wimbi lilelile lilitoa watu wazuri, likaingiza watu ambao wasingeteuliwa na mtu yeyote.

Mzee wa Faili #11

@Mswahili wa Houston asante, na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Hebu turudi kwa Pattel. Fikiria kamati ya uteuzi, watu wazima wenye suti, inapokea wasifu wake 2022. Shule ameacha na kurudi. Chuo cha kijijini. Uraia miaka 5. Lafudhi nzito ya Kimalayali, na mwenyewe amesimulia kwamba kwenye kampeni kuna waliomkejeli kwa lafudhi hiyo, na hata ndani ya chama chake kuna waliodhani hashindi. Kamati ingemrudishia barua ya kumshukuru kwa kuonyesha nia. Si lazima kwa ubaya. Kamati huchagua watu inaowajua, na yeye hakujulikana na mtu.

Wapiga kura nao hawakumjua! Hilo Wakili atasema na ana haki. Ila walijua chama, na kuna jambo la pili: Wakerala wa Fort Bend walishaonyesha njia. Mwaka 2018 kaunti hiyohiyo ilimchagua K.P. George, mzaliwa wa Kerala, kuwa mkuu wa kaunti. (Cheo chake kwa Texas kinaitwa jaji wa kaunti, lakini pale kazi yake ni bajeti, barabara na mafuriko, msichanganye.) Mwaka huohuo ikamchagua Juli Mathew, naye mzaliwa wa Kerala, kwenye mahakama ya kaunti namba 3. Alipochaguliwa tena 2022, kiapo cha muhula wa pili alikula kwa mtandao akiwa likizo ukweni, Kasaragod. Ndiyo, Kasaragod ileile alikotoka Pattel. Majirani wakamshangilia jaji wa Texas akiapa kutoka sebuleni.

Mimi ninachosema ni hiki. Watu wanashangilia kura kama vile ndiyo iliyofanya muujiza. Kura ilikuwa hatua ya mwisho na pengine nyepesi kuliko zote. Kizito kilikuwa kile cha 2007 hadi 2011: jimbo kukubali kwamba miaka ya mtu mahakamani kwao ni miaka ya kweli, mtihani ulio wazi kwa kila mwenye sifa, na nyumba yenye mshahara wa nesi inayoweza kumsubiri baba asome tena. Ondoa kimoja hapo, Pattel leo yuko kwenye kaunta ya duka na kampeni hatuijui.

Wakili Pembeni #12

Hapo tumekaribiana. Lakini usiirahisishe kura, maana gharama yake ni kubwa. Ngoja niwape kesi moja ambayo kila mwanasheria anayefundishwa habari za upendeleo wa jaji huikuta.

West Virginia. Mfanyabiashara mdogo wa makaa ya mawe, Hugh Caperton, aliishtaki kampuni kubwa ya Massey kwa kumfilisi. Baraza la wazee wa mahakama likampa dola milioni 50. Massey ikajiandaa kukata rufaa. Kabla rufaa haijafika, kukawa na uchaguzi wa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo, mwaka 2004. Mkuu wa Massey, Don Blankenship, akatumia dola milioni 3 za mfukoni kumsaidia mgombea mmoja, Brent Benjamin. Benjamin akashinda. Rufaa ikafika. Benjamin akaombwa ajitoe, akakataa. Hukumu ikatoka 3 kwa 2, Massey ikashinda. Mmoja kati ya wale 3, Benjamin.

Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe iingilie 2009 na kusema alipaswa kujitoa, na hata huko ilipita kwa kura 5 dhidi ya 4 tu! Majaji 4 hawakuona kwamba katiba ilimlazimu ajitoe.

Na hiyo milioni 3 sasa ni hela ya soda. Aprili 2025, kiti kimoja cha mahakama ya juu ya Wisconsin kilikula zaidi ya dola milioni 100 pande zote, Elon Musk akiwa mmoja wa wamwagaji. Mgombea aliyemuunga mkono alishindwa, haya, lakini hiyo ndiyo hali mnayotaka tuilete Kisutu, kwenye mahakama zetu za Dar?

Nyangumi Mweupe #13

Milioni mia kwa jaji mmoja 🙆🏾‍♂️ Huku kwetu mgombea angegawa khanga na pilau, kesi ya shamba unaenda na kadi ya kupigia kura.

Dada wa Bukoba #14

Mnaongea kama vile kuchagua mwamuzi ni jambo la Wamarekani tu. Hapa jirani tu, Rwanda, Oktoba 2001 wananchi walichagua waamuzi wa gacaca, mahakama za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari, zaidi ya 250,000 nchi nzima, wakulima na walimu, wengi hawakusomea sheria hata siku moja. Waliitwa inyangamugayo. Walichaguliwa hadharani na majirani waliowajua kwa tabia, na mahakama zile zilifungwa Juni 2012 zikiwa zimepitia kesi karibu milioni 2 za mauaji ya kimbari. Kuna waliozisifu na kuna waliozilaumu, hasa kwa kuwa mshtakiwa hakuwa na wakili. Lakini kipimo kilikuwa kimoja: jirani anakujua.

Uganda nako, mahakama za mabaraza ya vijiji wanakaa viongozi waliochaguliwa wa kijiji. Na sisi wenyewe tuna mabaraza ya kata tangu 1985.

Wakili Pembeni #15

Mabaraza ya kata wajumbe wanachaguliwa na kamati ya kata, si kwa kura ya wananchi. Na tangu mabadiliko ya 2021, kwenye ardhi wamebaki wasuluhishi, hawaamui tena.

Dada wa Bukoba #16

Najua Wakili. Sijasema ni sawasawa na Texas. Nasema kijijini unamchagua mtu unayemjua, kwenye kaunti ya watu laki 8 unachagua alama ya chama. Ukubwa ndio unaoharibu. Angalieni Mexico, Juni 2025 walichagua Mahakama ya Juu yote na karibu nusu ya majaji wa shirikisho kwa mpigo mmoja, waliojitokeza kama asilimia 13. Watu wakakutwa na vikaratasi vya kunakilia namba za wagombea wa kuwachagua.

Kijana wa Likoni #17

Na bado kutoka hiyo asilimia 13 akapatikana Hugo Aguilar, wakili wa Wamixteki, kabila la wenyeji asilia wa Mexico, leo ndiye rais wa Mahakama ya Juu ya Mexico. Mambo ni yaleyale ya Mzee wa Faili: mfumo wenye mashimo, unapitisha mtu ambaye milango mingine ilimfungia.

Mama Tunu #18

Naomba niulize swali la kinesi. Huyo Pattel akiwa kazini kesi zake ni zipi? Talaka? Ajali?

Mzee wa Faili #19

Mama Tunu, mahakama ya wilaya ya Texas ndiyo mahakama kubwa ya kusikiliza kesi mwanzo, usiifananishe na mahakama zetu za wilaya. Jinai nzito zinaenda huko, madai makubwa, migogoro ya ardhi. Yule mtu wa biri anaweza kusikiliza kesi ya mauaji asubuhi na ya mkataba mchana.

Mswahili wa Houston #20

Na 2026 kiti hicho kinarudi kwa wananchi, miaka 4 ndiyo hiyo. Halafu Texas wameanza kukaza: Novemba 2021 wananchi walipitisha mabadiliko ya katiba ya jimbo, mgombea wa mahakama ya wilaya lazima awe na miaka 8 ya uwakili au ujaji ndani ya Texas. Zamani ilikuwa 4. Inawahusu wanaochaguliwa kuanzia 2025.

Wakili Pembeni #21

Hilo nalipenda. Na Pattel angevuka hata kwa sheria hiyo, maana leseni yake ni ya miaka mingi kabla ya 2022.

Mzee wa Faili, swali la mwisho kwako na ujibu bila kuzunguka: wewe ungepiga kura ya ndiyo, majaji wetu wachaguliwe?

Mzee wa Faili #22

Hapana. Kisutu hapana, na Wakili usicheke.

Ningependa kitu kingine kutoka Texas: tangazo la nafasi lisomwe na kila wakili wa Sumbawanga na wa Newala, sifa ziandikwe wazi, usaili uonekane kama wa Kenya, na anayekataliwa aambiwe kwa nini. Mtu wa biri akija, tumuone usoni kabla ya kumwandikia barua ya shukrani.

Mama Tunu #23

Na mkewe alipwe malimbikizo.

Nyangumi Mweupe #24

Mods, huu uzi upigwe pini.